Namba ya koti

Fundi wangu wa nguo huvaa mikono mirefu mwaka mzima. Kigoma hii, mwezi wa tisa, jua linachoma mpaka mbwa wanahamia chini ya meza za sokoni, yeye yuko nyuma ya cherehani na gauni lililofungwa kifungo kwenye kifundo cha mkono. Ameanza kunishonea mwaka wa nne huu na sikuwahi kuliwaza jambo hilo. Kila mtu na mtindo wake, nilidhani.

Siku hiyo nilimpelekea kitenge cha harusi ya binamu yangu. Akanizungushia tepu kifuani, akanyoosha mkono apime bega, na mkono wa gauni lake ukapanda.

Kovu. Refu, limevimba pembeni, limeanzia chini ya kiwiko likakata mkono mshazari mpaka karibu na kiganja.

"He, mama! Hapa ulipigana na mamba?"

Wateja wawili waliokaa kwenye benchi walicheka. Mimi nilicheka kuwazidi, maana utani ulikuwa wangu. Yeye akatabasamu, lile tabasamu la mtu mwenye biashara yake, akavuta mkono wa gauni ukarudi mahali pake, akafunga kifungo, akainama kwenye daftari.

"Arobaini na mbili," alisema. "Haya kiuno, mwanangu. Simama vizuri."

Mpaka namaliza kupimwa hakutamka kitu kingine zaidi ya namba.

Nilipika, nikala, nikaosha vyombo. Nikiwa bado na povu mikononi ndipo ikaniingia nilichosema. Ninyi mnaosoma kutoka huku kwetu hamhitaji kuelezwa. Kiswahili chake kina ule mwendo wa ng'ambo ya mpaka, umri wake unahesabika, na kuna miaka ambayo mtoto hakuvuka mpaka ule kwa matembezi, alivuka akikimbia vita. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayajua hata wakati nafungua mdomo.

Kovu lile huenda ni la mafuta ya maandazi. Huenda alianguka na baiskeli. Lakini mtu hafichi mkono kwenye jua la Septemba kwa sababu ya baiskeli, na kama lingekuwa la baiskeli angenijibu hivyo, tukacheka wote.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba tukio hili nilishawahi kulisoma mahali. Na nilipolisoma nilikuwa upande mwingine.

## Ofisa mwenye utani

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwenye hafla ya ubalozi, mwanamke kijana wa Kifaransa amesimama na gauni la mikono mifupi. Anaitwa Simone Veil. Yeye ni Myahudi, na chini ya kiwiko ana namba aliyochanjwa kwa wino Auschwitz-Birkenau, kambi ya mauaji ya Hitler huko Poland: 78651. Ofisa mmoja wa ngazi ya juu kabisa, Mfaransa mwenzake, anaionyesha namba ile kwa kidole na kumuuliza kwa tabasamu kama hiyo ndiyo namba yake ya koti.

Kwa wenzetu wa nchi za baridi, ukifika kwenye hafla unaacha koti mlangoni na kupewa namba, kama sisi tunavyoacha begi kwenye kaunta ya supamaketi. Huo ndio utani wenyewe. Tangu vita ya pili ya dunia iishe ilikuwa haijapita hata miaka kumi.

Simone anasimulia kwamba tangu hapo, kwa miaka mingi, alipendelea mikono mirefu.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilimchukia yule bwana. Nikampa na sura kabisa: kitambi, kipara, glasi mkononi, nywele za pembeni zimepakwa mafuta. Mtu wa kwenda motoni bila maswali.

Sasa kila nikimwona ana sura yangu.

Kwa hiyo nikarudi kwa Simone. Wiki tatu, usiku kwa usiku, nimesoma na kusikiliza kila nilichokipata kuhusu maisha yake. Sikuwa natafuta uchungu wa kambi, huo tumeusoma wengi. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: baada ya swali kama lile, mtu anaishije?

## Jina halisi

Alizaliwa Nice mwaka 1927, mji wa bahari kusini mwa Ufaransa, kitinda mimba kwa baba mchoraji wa majengo, mzee André Jacob. Mzee huyu aliipigania Ufaransa katika vita ya kwanza ya dunia akashikwa mateka na Wajerumani. Oktoba 1940 Ufaransa hiyohiyo ilitunga sheria ya kuwatenga Wayahudi, na yeye akapokonywa haki ya kufanya kazi yake. Kwa muda Nice ilikuwa chini ya Waitalia, ambao hawakuwa na haraka ya kumkabidhi mtu kwa Hitler. Septemba 1943 Waitalia wakaondoka, Wajerumani wakaingia. Familia ikagawanyika, kila mtu akalala kwake na vitambulisho bandia mfukoni.

Simone alikuwa na miaka 16 na jambo moja kichwani: mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Mwaka huo ulifanywa mapema kwa hofu kwamba majeshi ya Washirika, Wamarekani na Waingereza, yangetua ufukweni. Akaufanya tarehe 29 Machi 1944, kwa jina lake halisi. Jacob.

Hilo jina kwenye karatasi ya mtihani linanigusa kila ninapolifikia. Barabarani una jina la bandia kwa sababu la kweli linaua, halafu unakaa kwenye dawati, msimamizi anagawa karatasi, na unaandika lile linaloua. Nadhani ningefanya vilevile. Nani anataka kufaulu kwa jina lisilo lake?

Kesho yake alitoka na marafiki kusherehekea. Wajerumani waliovaa kiraia wakawasimamisha, wakatazama kitambulisho chake, wakasema ni cha bandia. Wakampeleka Hoteli Excelsior, ilikokuwa inakusanywa mizigo ya watu. Huko akagundua kwamba vitambulisho vya aina ile walikuwa wanavijua, na ndugu zake wote wanatembea navyo. Akamtuma rafiki aliyeachiwa awahi kuwaambia.

Rafiki akafuatwa.

Mama yake, dada yake mkubwa Milou na kaka yake Jean wakakamatwa. Ujumbe wa kuwaokoa ndio uliowaonyesha askari njia.

Hapa nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Miaka 16. Mimi na ule utani wangu mmoja nimekosa usingizi.

## Ushauri wa kumwokoa Jean

Kituo kilichofuata kilikuwa Drancy, kambi ya kukusanyia Wayahudi kando ya Paris. Kulikuwa na maneno kwamba vijana wa kiume wakibaki watapewa kazi za ujenzi humuhumu Ufaransa. Mama na dada zake wakamsihi Jean abaki. Alikuwa na miaka 18. Tarehe 13 Aprili 1944 wanawake watatu wakapakiwa kwenye treni, msafara namba 71 wa kwenda Birkenau, watu kama 1,500, na humo walikuwemo watoto 34 waliozolewa siku chache kabla kutoka nyumba ya watoto ya Izieu.

Jean alibaki, akakutana na baba yao, na mwezi uliofuata wote wawili wakatiwa kwenye msafara namba 73: wanaume 878, wakapelekwa mpaka Kaunas na Tallinn, huko Baltiki. Waliorudi hawakufika 30. Baba na mwana hawakuwemo, na familia haikujua kamwe waliuawa wapi wala vipi.

Mnaona jinsi kila lililoonekana la busara lilivyogeuka. Aliyebaki kwa usalama alipotea. Waliokwenda Birkenau, mahali ambapo jina lake tu linatosha, wawili kati ya watatu walirudi.

## Manukato

Walifika usiku wa tarehe 15. Taa kali, mbwa, kelele. Mfungwa mmoja aliyejua Kifaransa alipita karibu na Simone akamuuliza umri wake, kisha akamwambia: sema una miaka 18.

Akasema 18. Ndio maana tunamjua.

Wenzake wa umri ule walioulizwa wakasema ukweli, malori yaliwachukua kwenda kuuawa.

Usiku uleule, kabla ya kunyang'anywa kila kitu, msichana mmoja alikuwa bado na chupa ndogo ya manukato kwenye mkoba. Wakajua itachukuliwa. Wakaigawana. Wakajipulizia yote, wasichana wa Kifaransa wamejazana kwenye banda la saruji, moshi mzito unatoka nje, na wao wananukia kama wanakwenda dansi.

Nimejaribu kuielewa hii mara nyingi na nimeacha. Haikumsaidia mtu. Sidhani ilikuwa ushujaa, wala ujinga. Chupa ilikuwa yao, na mpaka tone la mwisho ikabaki yao.

Kisha wakachanjwa namba.

## Mwanamke anayeitwa Stenia

Hapa ndipo nilipokwama wiki nzima.

Kambini kulikuwa na Mpoland mmoja, mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wafungwa wenzake. Alijulikana kwa jina la Stenia, na walikuwa wanamwogopa kwa ukatili. Siku moja alimsimamisha Simone, akamtazama, akamwambia kwamba yeye ni mrembo mno kufia pale na atamtafutia mahali pengine. Simone akajibu kwamba ana mama na dada, na bila wao haendi. Tuseme ukweli: mahali kama pale, nani anampa sharti mtu mwenye fimbo? Stenia akakubali. Julai 1944 wote watatu wakahamishiwa Bobrek, kambi ndogo ya kiwanda cha Siemens, kilomita chache kutoka Birkenau, ambako kifo kilikuwa mbali kidogo.

Stenia hakudai malipo. Si wakati ule, si baadaye.

Sisi tunapenda hadithi ya mtu aliyepona iwe na sababu ya kueleweka. Alikuwa jasiri. Aliomba sana. Alikuwa na moyo mgumu. Ukizihesabu sababu za Simone, unapata uongo kuhusu umri, nywele ambazo msafara wao kwa bahati haukunyolewa zikaisha, sura nzuri, na mwanamke katili aliyeamka vizuri siku hiyo. Na wasichana wasio wazuri wa sura? Stenia aliwapita.

Nilitaka kumpenda Stenia nikashindwa. Nilitaka kumchukia, nikakumbuka kwamba bila yeye sina cha kuandika hapa. Nimemwacha hapo katikati. Sijui wengine mnafanyaje na watu wa namna hiyo, na kwenye historia zetu wapo: aliyemficha mtoto mmoja chini ya kitanda asubuhi, jioni akaenda na wenzake kwenye nyumba ya jirani.

## Mwezi mmoja

Tarehe 18 Januari 1945, Warusi wakikaribia, wafungwa walitolewa wakatembezwa kwenye theluji kilomita kama 70 hadi mji wa Gliwice. Aliyeanguka alipigwa risasi. Kisha mabehewa yasiyo na paa, siku kwa siku, mpaka Bergen-Belsen, kambi nyingine ndani ya Ujerumani. Huko Simone akakutana tena na Stenia, naye akampachika kazi ya jikoni. Jikoni maana yake ni maganda, mabaki, kitu cha kupenyeza.

Haikutosha. Taifasi, homa inayobebwa na chawa, ilikuwa imeshaingia. Mama yao, Yvonne, alikuwa amekwisha nguvu kabla hata homa haijamfika. Alikufa tarehe 15 Machi. Simone alikuwa kazini. Aliporudi jioni Milou ndiye aliyempa habari.

Waingereza waliingia kambini tarehe 15 Aprili.

Mwezi mmoja kamili. Kila anapomtaja mama yake, hata akiwa bibi wa miaka 80 mwenye wajukuu na nishani, utasikia kwamba mwezi huo haujaisha.

## "Kumbe mmerudi"

Niliyasoma hayo yote, na bado kilichobadilisha mawazo yangu kilikuja baadaye, Paris, mahali penye vitanda na mikate.

Simone na Milou walirudi Ufaransa tarehe 23 Mei 1945, Milou akiwa hoi kwa taifasi. Simone akaambiwa kwamba ule mtihani wa Machi 1944 amefaulu. Hakuweza kulala kitandani, godoro lilikuwa laini mno, akalala sakafuni. Na watu wakaanza kusema. Mmoja alisikika akishangaa kwamba wamerudi. Basi, akasema, haikuwa mbaya kiasi kile.

Walikuwa na dada mwingine, Denise. Yeye aliingia kwenye harakati za siri dhidi ya Wajerumani, akakamatwa, akateswa, akapelekwa kambi ya Ravensbrück na baadaye ya Mauthausen, akarudi. Watu walitaka kumsikia Denise. Alikuwa amepigana, nchi ilikuwa inatafuta watu waliopigana ili isahau waliotii. Simone na Milou walikuwa wamekamatwa tu. Kwa kuzaliwa. Hiyo haina hadithi ya kusimulia mezani, na tena ina mtu wa kulaumiwa: polisi waliolinda Drancy kwa muda mrefu walikuwa Wafaransa. Kati ya Wayahudi kama 76,000 waliosafirishwa kutoka Ufaransa, waliorudi walikuwa kama 2,500. Wachache kiasi hicho ni rahisi kuwanyamazisha bila hata kuwaziba mdomo. Unabadilisha mazungumzo tu.

Maisha yangu yote nimeamini kwamba watu waliopita kwenye mambo mazito huwa hawataki kuyasema. Ndivyo tulivyofundishwa, tena kama adabu. Usimchokonoe mzee. Yaliyopita si ndwele. Simone anasema kinyume kabisa, na amelirudia kila alipopata nafasi: walitaka kusema. Walikuwa tayari kusema tangu siku ya kwanza. Hakukuwa na aliyetaka kusikia.

Nilisimama hapo.

Kwa sababu fundi wangu nimemjua miaka minne, na nimesema kwa miaka minne kwamba ni mtu wa kimya.

## Milou

Mtu mmoja alimsikiliza: dada yake, kwa sababu dada yake alikuwepo. Wao wawili hawakuhitaji kuelezana. Ukitaja jina la banda, mwenzio anajua harufu yake.

Oktoba 1946 Simone aliolewa na Antoine Veil, mwanafunzi mwenzake. Alikuwa na miaka 19. Watoto wawili wa mwanzo walifuata haraka, 1947 na 1948, wa tatu 1954. Antoine akapata kazi ya kidiplomasia, na kituo chao, mwaka 1950, kikawa Ujerumani. Kwanza Wiesbaden, kisha Stuttgart. Jamaa walishtuka. Yeye akafunga mizigo. Aliamini Wafaransa na Wajerumani wasipopatana, wanawe watakuja kupanda mabehewa yaleyale. Nakubali ni hoja nzuri. Mimi binafsi nisingeiweza. Kununua nyama kwa mtu ambaye umri wake unajua kuuhesabu, kumwambia asante, kumwachia chenji.

Mwaka 1952 Milou alikuja Stuttgart kumtembelea na mume wake na mtoto wao mdogo. Wakiwa njiani kurudi Paris gari likapata ajali. Milou alikufa, na mtoto naye akafa.

Birkenau haikumuua. Matembezi ya theluji hayakumuua. Taifasi ilimshika ikamwachia. Barabara.

Hafla ile ya ubalozi ilikuwa ya miaka hiyohiyo. Simtetei mtu, nahesabu tu: karibu na wakati huohuo mwanamke huyu alimpoteza mtu pekee aliyejua namba ile ilivyochanjwa, na akapata bwana wa kumuuliza kama ni ya koti.

## Kazi

Sehemu inayojulikana nitaipita haraka. Alitaka uwakili, mumewe hakupenda, wakakubaliana awe hakimu. Akafaulu mtihani mwaka 1956. Akapangiwa idara ya magereza, na hapo akawa anazunguka nchi nzima akikagua seli, akililia maji, daktari, vitabu. Hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini yeye hasa alijali jinsi mtu aliyefungiwa anavyotendewa, lakini naona hakuna pia aliyeuliza. Mwaka 1974 akawa waziri wa afya. Mwaka 1979 Bunge la Ulaya la kwanza kuchaguliwa na wananchi lilimfanya rais wake.

Novemba 1974 ndiyo nisiyoweza kuipita. Alikwenda bungeni kutetea sheria ya kuruhusu utoaji mimba, na katika hotuba yake akaomba radhi kwamba anatoa maoni ya mwanamke mbele ya bunge ambalo karibu lote ni wanaume. Sheria yenyewe tubishane siku nyingine, najua humu kuna wa kila upande. Katika mjadala huo mbunge mmoja aliuliza kama waziri angekubali viinitete vitupwe kwenye tanuri za kuchomea maiti.

Mbele yake alikuwa ameketi msichana wa msafara 71.

Baadaye yule mbunge alijieleza kwamba hakujua historia ya waziri. Ninaamini hakujua. Hilo ndilo linalonitisha. Tayari ilikuwa imepita miaka 29 na mtu mzima, msomi, mbunge wa taifa lile, hakujua, kwa sababu mikono ilikuwa mirefu na hakuna aliyeuliza vizuri.

Mama yangu alikuwa na kanga ya rangi ya zambarau, imeshafubaa siku hizi, imeandikwa: Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilikuwa naipangusia meza.

## Vijiko

Nilichotafuta wiki zote hizo nilikipata mahali nisipotarajia.

Katika msafara 71 alikuwemo msichana mwingine, Marceline, ambaye baadaye alikuwa mtengenezaji filamu, Marceline Loridan-Ivens. Namba yake ilikuwa 78750, tisini na tisa mbele ya Simone. Walikuwa marafiki maisha yao yote, watu wawili tofauti kabisa: mmoja nywele nyekundu na sigara na matusi, mwingine amefunga nywele nyuma bila unywele mmoja kutoka.

Marceline amesimulia kwamba Simone, aliyekuwa waziri, rais wa Bunge la Ulaya, mwanachama wa Akademia ya Ufaransa, baraza la heshima la lugha ya Kifaransa, mwanamke ambaye kwake kabati zimejaa vyombo vya maana, alikuwa anaiba vijiko vya chai. Vijiko vya mkahawani, vya bati, visivyo na thamani. Ananyanyua kimoja, anakitia kwenye mkoba, anaendelea na mazungumzo.

Birkenau hawakupewa kijiko. Supu ile mbovu waliiramba kwenye bakuli kama mbwa. Vijiko vile, alieleza Simone, ni vya kuhakikisha kwamba hatairamba tena.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaona mkoba: miwani, kalamu, hotuba iliyopigwa chapa, na chini kabisa kijiko chenye tone la kahawa.

Basi ndivyo anavyoishi mtu. Anafunga nywele, anapitisha sheria, anazaa, anamzika dada yake, na mfukoni ana kijiko. Mwaka 2010 alipoingizwa Akademia alipewa upanga kama ilivyo desturi ya wanachama, naye akataka uchorwe namba 78651. Mikono mirefu ilikuwa imefika mwisho. Alikufa mwaka 2017, na Julai 2018 Ufaransa ikamzika Panthéon, jumba la Paris wanamolazwa mashujaa wa taifa, pamoja na mumewe. Nimesoma maelezo mengi ya siku hiyo. Nilikuwa natafuta kama kuna aliyetaja vijiko.

## Gauni

Gauni lilikuwa tayari Ijumaa. Sikwenda. Jumamosi nikaenda, nikaona benchi limejaa, nikapitiliza kama ninayekwenda kununua dagaa, na nikanunua dagaa kweli. Kuomba radhi mbele ya wateja ingekuwa kumpandisha mkono wa gauni mara ya pili.

Nilirudi Jumatatu, saa nane mchana, wakati watu wamelala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nilidhani harusi imevunjika."

Nikavaa nyuma ya pazia. Lilinikaa vizuri sana. Nikatoka, akanizungusha, akavuta uzi mmoja kiunoni akaukata kwa meno.

"Mama," nikasema, "siku ile nilitania vibaya. Mbele za watu. Nisamehe."

Hakujibu. Akarudi kwenye kiti, akaweka kitambaa cha mtu mwingine chini ya sindano, sare ya shule, bluu. Kwa mguu akaisukuma stuli ikaja upande wangu.

Nikakaa. Alishona upande mzima wa sketi ile. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, wiki tatu za maneno, na Simone Veil wote, na kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kuongea nikayameza. Feni ilikuwa inazunguka, cherehani inakwenda. Nje mtu alikuwa anauza maji ya baridi.

"Haikuwa mamba," alisema bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, mama."

Akageuza kitambaa, akanyoosha pindo kwa kidole gumba, akaanza upande wa pili.